Juu ni Upande Wenye Taa

Ukimwuliza mtu ni mnyama gani anayeweza kusafiri angani bila kusumbuka, huenda akakutajia samaki, na hoja yake itaonekana ina mashiko. Samaki tayari anaelea. Hana miguu ya kukosa pa kukanyaga, mifupa yake haibebi mzigo kama yetu, na kutwa nzima anapanda, anashuka na kwenda pembeni bila kutoka jasho. Mwondolee uzito na hatajua kwamba kuna kilichobadilika.

Alijua. Tarehe 28 Julai 1973 Wamarekani watatu, Alan Bean, Owen Garriott na Jack Lousma, walirushwa kwenda kituo cha anga cha Skylab, na katika mizigo yao mlikuwa na mfuko wa plastiki wenye maji, samaki wawili na mayai 50 ya samaki. Walikuwa mummichog, kisamaki kinachoishi kwenye vinamasi vya maji ya chumvi katika pwani ya mashariki ya Marekani. Hakuchaguliwa kwa urembo. Alichaguliwa kwa sababu ni mgumu: anavumilia joto na baridi, maji ya chumvi na yasiyo ya chumvi, na uchafu ambao ungeua samaki wengine asubuhi moja. Magazeti ya wakati ule yalivutiwa zaidi na buibui wawili waliosafiri katika safari hiyohiyo, Arabella na Anita, waliopelekwa kuonyesha kama wangeweza kufuma utando wakiwa hawana uzito. Kwa maoni yangu habari kubwa ilikuwa kwenye ule mfuko.

Katika siku za mwanzo samaki wale walikuwa wanapiga samasoti. Si kwa kucheza. Kichwa kinatangulia, mwili unafuata, duara linafungwa, na kabla halijakwisha jingine limeshaanza. Samaki aliyezaliwa kuogelea alikuwa anazunguka palepale kama aliyepotewa na akili. Ilipofika siku ya 22 walikuwa wameacha, wanaogelea sawasawa, migongo yao imeelekea kwenye taa. Lakini mtu akiutikisa mfuko, samasoti zinarudi.

Tangu hapo samaki wa aina nyingi wamepelekwa juu: kapi wa Kijapani, medaka, danio, samaki chura, samaki-dhahabu wa kwenye bakuli, na hata perege. Karibu wote wamerudi na habari ileile, kila mmoja kwa namna yake, kwamba kuelea si sawa na kukosa uzito.

Kwanza tuelewane kuhusu huko kukosa uzito kwenyewe, maana hata kwenye vitabu vya shule jambo hili huelezwa vibaya. Mvutano wa dunia hauishii kwenye mawingu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka yapata kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, na katika kimo hicho mvutano bado una karibu asilimia 90 ya nguvu tunayoisikia hapa chini. Kinachokosekana ni kitu cha kutuzuia tusianguke. Kituo kinaanguka muda wote, pamoja na watu, maji na samaki waliomo. Ila kinakwenda pembeni kwa kasi kubwa sana hivi kwamba ardhi inajipinda na kukiepuka kabla hakijaifikia. Vitu vinavyoanguka pamoja kwa kasi moja havilemeani. Maji hayamlemei samaki, na samaki hayalemei maji.

Anayetaka kuliona hilo bila roketi aende Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Chuo Kikuu cha mji huo kina mnara wa zege wenye bomba la chuma ndani yake, urefu wa mita 110, linalofyonzwa hewa mpaka linabaki tupu. Kifaa cha majaribio hupandishwa juu kabisa kikaachiliwa. Kinaanguka kwa sekunde nne na nusu na kidogo, kisha kinatua ndani ya pipa kubwa lililojaa chembe za plastiki laini. Katika sekunde hizo, chochote kilicho ndani ya kifaa hakina uzito. Wajerumani wameudondosha humo kila mzigo unaoweza kuufikiria, na miongoni mwake ni vifaranga wa perege, huku kamera inawarekodi. Nitawarudia hao baada ya muda, kwa sababu walilolifichua pale ni zuri kuliko yote.

Lakini kabla ya samaki kuna maji, nayo hubadilika tabia kabisa. Yakimwagika angani hayaendi sakafuni. Nguvu inayoshikanisha uso wake inayavuta yawe mviringo, na mpira wa maji unabaki unaning'inia hewani ukitikisika. Kwa hiyo tenki la samaki angani halina mdomo wazi. Ni chombo kilichofungwa pande zote. Ukiingiza hewa kwa pampu, kama wafugaji wanavyofanya bwawani, mapovu hayapandi. Yanabaki yalipozaliwa, yanaungana, na mwisho unakuwa na puto la hewa katikati ya tenki, samaki wanalizunguka. Kinyesi hakituami. Chakula nacho ni shida ya pekee: dukani mfugaji huulizwa anataka chakula cha kuelea au cha kuzama, na huko juu hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili. Punje inakaa ilipoachwa mpaka mkondo uisogeze au samaki aigonge na pua.

Hata kupumua kunadai mpango. Samaki husukuma maji kwa mdomo kupitia kwenye matamvua, na kazi hiyo haihitaji mvutano. Shida ni kwamba bwawani maji ya joto hupanda na ya baridi hushuka, na mzunguko huo hubeba hewa safi kila mahali bila mtu kuugharimia. Bila uzito hakuna kupanda wala kushuka. Samaki aliyetulia anaweza kuzungukwa na maji aliyokwisha kuyapumua yeye mwenyewe. Ndiyo maana Wajapani walipojenga tenki lao kwa ajili ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, lililofikishwa huko mwaka 2012, sehemu kubwa ya mashine haikuwa tenki. Matenki yenyewe ni mawili, kila moja la mililita 700 hivi, ujazo unaoingia kwenye chupa ya kawaida ya maji ya kunywa na nafasi ikabaki. Kilichobaki chote ni pampu, vichujio, bakteria wa kula uchafu wa samaki, taa za kuigiza mchana na usiku, na mtambo wa kulisha. Ndani ya tenki waliweka pia wavu mgumu wa plastiki unaokamata hewa kidogo upande mmoja, ili samaki awe na mahali pa kwenda kudonoa hewa.

Hewa hiyo ina kazi zaidi ya kupumua, na hapa lazima tuzungumzie bondo. Watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba hawahitaji kuelezwa bondo ni nini. Wanalijua kwa bei. Ule mfuko mweupe ulio chini ya uti wa mgongo wa sangara hukaushwa na kusafirishwa Asia, na kilo yake inauzwa kwa fedha ambazo kilo ya minofu haiwezi kuziota. Ila Mungu hakuuweka pale kwa ajili ya wachuuzi. Samaki huujaza na kuupunguza hewa ili uzito wake ulingane na wa maji aliyomo, asizame wala asipande ovyo. Naye hujua kina alichopo kwa sababu kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo mkubwa, sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Sangara akivutwa haraka kutoka kilindini, bondo lake hutanuka hadi tumbo likavimba. Mvuvi yeyote ameliona hilo.

Sasa ondoa uzito. Maji ya juu hayayalemei ya chini, kwa hiyo mkandamizo ni mmoja tenki zima, na kina hakipo. Bondo linabaki bila kazi. Samaki akiacha kupiga mkia hazami na haelei, anabaki alipo. Kwa vifaranga mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa aina nyingi, muda mfupi baada ya kuanguliwa, hupanda juu na kumeza hewa ili kulijaza bondo kwa mara ya kwanza. Utapanda juu vipi mahali pasipo na juu?

Hata hivyo bondo halielezi zile samasoti. Samasoti zinatoka sikioni.

Ushahidi wa jambo hili umepita mikononi mwa wengi wetu tukautupa jikoni. Chukua kichwa cha sato kilichobaki kwenye sahani baada ya wali. Ondoa nyama ya mashavuni, ugeuze fuvu, ulipasue upande wa chini nyuma ya macho, pale ubongo unapokaa. Ukitafuta kwa subira kwa ncha ya kisu utapata vijiwe viwili, kimoja kila upande, vyeupe kama kaure, bapa, kingo zake zimechongoka, ukubwa wake unaikaribia punje ya mchele au unaizidi kidogo. Ni chokaa. Kuna vingine vinne vidogo zaidi ambavyo jikoni hutaviona. Wataalamu wa uvuvi huvikata na kuhesabu pete zake kwa hadubini ili kujua umri wa samaki, kama wanamisitu wanavyohesabu za mti.

Kwa samaki mwenyewe hivyo ndivyo vipimo. Kila kijiwe kimelala juu ya kitanda cha nywele laini zilizounganishwa na mishipa ya fahamu. Kijiwe ni kizito kuliko mwili unaokizunguka, kwa hiyo samaki akiinama kinateleza kidogo na kuzikunja nywele upande huo, na ubongo unapokea taarifa: tumeinama mbele, tumelala kushoto. Binadamu tuna mfumo wa aina hiyohiyo, ila vijiwe vyetu ni vumbi, chembe nyingi ndogo sana zilizonata pamoja. Hii ndiyo sababu daktari wa wanaanga anaweza kukaa na kumtazama samaki kwa saa nyingi na asionekane anapoteza muda.

Angani kijiwe hakielemei nywele. Ubongo wa samaki haujawahi kupata taarifa ya namna hiyo. Unaisoma kama kosa la mkao na kuamuru mwili ujisahihishe. Mwili unageuka. Taarifa haibadiliki, kwa sababu hakuna mkao wowote angani utakaoirudisha ya zamani. Ubongo unaamuru tena, mwili unageuka tena, na duara linaendelea. Samaki hajachanganyikiwa kama tunavyodhani tukimtazama. Anatii amri kwa uaminifu mkubwa, na amri yenyewe haina mwisho.

Kilichowaokoa wale wa Skylab ni taa, na tabia hiyo ilikuwa inajulikana kabla ya mtu yeyote kufika angani. Miaka ya 1930 Mjerumani Erich von Holst aliwamulika samaki kwa taa kutoka ubavuni badala ya juu. Hawakubaki wima, wala hawakulala kabisa kuelekea mwanga. Waliinama katikati, kama watu wanaopatana bei: sikio linasema juu ni kule, jicho linasema juu ni huku, na mwili unagawa tofauti. Baadaye aliwaweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi ili uzito wao uongezeke, na sikio likapata nguvu zaidi katika mapatano. Samaki wakainama kidogo tu kuelekea taa. Na samaki aliyenyimwa viungo hivyo vya sikio pande zote mbili, akimulikwa kutoka chini, aligeuka akaogelea tumbo juu, ameridhika kabisa.

Baharini na ziwani mwanga hutoka juu siku zote, kwa hiyo jicho na sikio havigombani na samaki hana haja ya kujua kwamba anasikiliza mashahidi wawili. Angani shahidi mmoja ananyamaza. Baada ya siku kadhaa za vurugu ubongo unaacha kumsubiri, unamwamini aliyebaki. Juu inakuwa upande wenye taa. Mwanaanga akiihamisha taa, juu nayo inahama.

Yale mayai 50 je? Karibu yote, 48, yalianguliwa hukohuko, na vifaranga wale waliogelea bila samasoti. Hawakuwa na cha kusahau. Nao waliipa taa migongo, ingawa hawakuwahi kuliona jua wala uso wa maji, jambo linaloonyesha kwamba tabia hiyo haifundishwi.

Mwaka 1992 Wajapani walipeleka kapi wawili kwa chombo cha Endeavour, mmoja mzima na mwingine aliyeondolewa vijiwe, ili kulinganisha. Mwanaanga wa Kijapani aliyekuwamo ni Mamoru Mohri. Katika safari hiyohiyo alikuwamo Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, ambaye alishughulika na mayai ya chura. Lakini samaki wa Japani aliyepata umaarufu wa kweli alikuja miaka miwili baadaye.

Medaka ni kisamaki cha sentimita tatu au nne kinachoishi kwenye majaruba ya mpunga. Kenichi Ijiri wa Chuo Kikuu cha Tokyo alikuwa na swali ambalo wakubwa wa anga walikuwa wanalikwepa kwa adabu: je, mnyama mwenye uti wa mgongo anaweza kupandana na kuzaa bila uzito? Kwa samaki anayepiga samasoti jibu ni hapana, kwani dume la medaka humfuata jike, humzunguka, kisha humkumbatia kwa mapezi yake ya juu na ya chini wakati mayai yanatoka. Huwezi kumkumbatia mtu nawe unabingirika. Ijiri akawapandisha medaka kwenye ndege zinazopanda na kushuka kwa mkondo wa upinde, ambazo humpa abiria kama sekunde 20 za kukosa uzito kila mara, na kuwatafuta wale ambao hawakubingirika. Walikuwapo. Baadhi ya medaka tangu kuzaliwa huliamini jicho kuliko sikio.

Wanne kati ya hao, madume mawili na majike mawili, walirushwa na chombo cha Columbia mwezi Julai 1994, chini ya uangalizi wa Chiaki Mukai, mwanamke wa kwanza wa Japani kufika angani. Katika safari ile ya majuma mawili walipandana, na hao ndio wa kwanza kati ya wanyama wote wenye uti wa mgongo kufanya hivyo nje ya dunia. Mayai 43 yalitagwa. Vifaranga wanane walianguliwa kabla ya kutua, na wengine wengi baada ya hapo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kisa hiki ni ya kurudi. Medaka wazima walipofikishwa chini walilala kwenye sakafu ya tenki. Wakitaka kupanda, ilibidi wapige mkia kwa nguvu zote, wakiacha, wanazama. Majuma mawili tu yalitosha kuwaachisha matumizi ya bondo, na ziliwachukua siku kadhaa kulizoea upya. Vifaranga waliozaliwa juu wakakua, wakazaa, na uzao wao ukawa medaka wa kawaida tu.

Turudi sasa Bremen na wale vifaranga wa perege.

Anayetumiwa huko ni Oreochromis mossambicus, perege wa Msumbiji, ambaye asili yake ni mto Zambezi wa chini na mito ya pwani kuelekea Afrika Kusini. Ni ndugu wa karibu wa sato wa Ziwa Victoria. Leo yuko duniani kote kwa sababu anakua haraka, anakula karibu kila kitu, na anavumilia maji ambayo wengine wangeyakimbia. Mama yake hukusanya mayai na kuyaatamia mdomoni, jambo linalomrahisishia mtafiti kupata mamia ya vifaranga wa umri mmoja na mama mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Stuttgart, wakiwamo Reinhard Hilbig na Ralf Anken, waliwafanya perege hao kuwa kazi yao ya miaka mingi. Samaki hao walisafiri na Columbia mwaka 1993, na mwaka 2007 kwa chombo cha Kirusi kiitwacho Foton kisicho na watu, ambako hewa yao ilitengenezwa na viumbe wadogo wa kijani walioishi kwenye tenki la jirani. Si kila safari iliwaendea vizuri. Mwaka 2013 perege waliopelekwa na chombo cha Bion-M1 walikufa kabla ya kurudi, mitambo iliyowatunza ilipoharibika.

Watafiti hao walikuwa wanataka kujua kwa nini vifaranga wa mama mmoja, ndani ya tenki moja, uzito ukiondoka, baadhi wanaogelea kama kawaida na wengine wanabingirika. Wakavitoa vijiwe vyao na kuvipima. Kwa wengi wa waliobingirika, kijiwe cha kulia na cha kushoto havikulingana. Hapa chini kasoro hiyo haina madhara: ubongo tangu utotoni umejifunza kwamba sikio moja linapiga kelele kuliko jingine, na unarekebisha hesabu. Uzito ukiondoka, vijiwe vyote vinanyamaza sawa, lakini ubongo bado unatoa lile rekebisho la zamani, na sasa rekebisho lenyewe ndilo kosa. Mwaka mzima unaweza kuishi na perege wa namna hiyo bwawani usimjue. Sekunde nne za kuanguka zinamtaja.

Wakagundua na jambo jingine. Vifaranga wakikuzwa kwenye mashine ya kuwaongezea uzito, vijiwe vyao hukua polepole. Wakikuzwa angani, vinakuwa vikubwa kuliko kawaida. Mwili unaonekana kukipima kijiwe na kukiongeza au kukipunguza hadi kielemee kwa kiasi unachokitaka. Mishipa nayo hujirekebisha: mwaka 1998 samaki chura waliorudi kutoka angani walipopimwa, mishipa ya masikio yao ilikuwa inaitikia kila mtikisiko kwa nguvu karibu mara tatu ya kawaida, ikatulia baada ya siku moja na ushei. Wanaanga wanajua maana yake. Zaidi ya nusu yao hutapika au husumbuliwa na kichefuchefu siku za kwanza angani, na wakirudi, kugeuza kichwa tu kunaweza kuwayumbisha. Walikuwa wanalieleza hilo kwa maneno; samaki chura akalionyesha kwenye waya.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, sawa, sikio. Lakini mwaka 2012 medaka waliwekwa katika lile tenki la mililita 700 kwa miezi miwili, na walipochunguzwa, mifupa yao ya kooni yenye meno ilikuwa imepungua madini, na chembe zinazokula mfupa zilikuwa zimezidi. Jaribio la baadaye, kwa vifaranga waliorekebishwa ili chembe zao za mfupa ziwake rangi chini ya hadubini, lilionyesha mabadiliko siku ya kwanza tu baada ya kurushwa. Binadamu naye hupoteza mfupa angani, na kwa miaka mingi sababu ilionekana dhahiri: miguu haibebi tena mwili. Samaki hakuwahi kubeba mwili wake kwa mifupa. Maji yalimbebea. Kama mfupa wake nao unaujua uzito, basi uzito unafika mahali ambapo tulidhani maji yameshauzuia, na maelezo ya miguu peke yake hayatoshi tena.

Wachina nao wameingia. Aprili 2024 chombo cha Shenzhou-18 kilipeleka danio wanne, wale wadogo wenye mistari, kwenye kituo cha Tiangong, ndani ya tenki lililofungwa lenye mmea wa majini wa kuwatengenezea hewa. Walionekana wakiogelea tumbo juu na kuzunguka, wakaishi siku 43, wakataga. Kwa mazingira madogo yaliyofungwa kiasi hicho hayo ni mafanikio makubwa, ingawa bado yako mbali na bwawa.

Na bwawa ndilo linalotafutwa. Ufaransa kuna mradi uitwao Lunar Hatch, unaoongozwa na Cyrille Przybyla wa taasisi ya bahari ya Ifremer, wenye nia ya kufuga samaki mwezini kwa ajili ya kitoweo cha watakaoishi huko. Wameyatikisa mayai kwenye mashine inayoiga mngurumo wa roketi, na mengi yakaanguliwa vizuri. Mpango ni kusafirisha mayai, si samaki, ili vifaranga waanguliwe wakiwa wameshafika. Kwa yote tuliyoyaona ni mpango wa busara: asiyeujua uzito wa nyumbani hana samasoti za kupiga. Samaki waliyemchagua kwanza, hata hivyo, ni yule wa baharini anayependwa kwenye mahoteli ya Mediterania, na hapo naona Ufaransa zaidi kuliko ninavyoiona sayansi. Mtu yeyote aliyewahi kufuga angemtaja perege. Anakula mwani na mabaki, havunjwi moyo na maji mabaya, na wakati wale wa hotelini bado wanatikiswa maabara, yeye ameshapanda roketi zaidi ya mara moja.

Mwezini kuna mvutano, moja ya sita ya wetu. Kwa perege huenda unatosha kulaza kijiwe juu ya nywele zake, na tenki litakuwa na uso, mapovu yatapanda, kinyesi kitatuama. Mfugaji wa huko ataweza tena kuchagua kati ya chakula cha kuelea na cha kuzama. Akichukua cha kuzama atafaidi, kwa kuwa kitashuka taratibu mno, na vifaranga watakidaka chote kabla hakijagusa chini.